S ya Mfalme

Programu ilisema darasa zima limenakiliana, mpaka mwenye kuitengeneza.

Serkalem aliyasoma matokeo kwenye kioo cha kompyuta, akafumba macho, akayasoma tena. Jana programu hiyo hiyo ilikuwa imesema hakuna aliyenakili kwa mwenzake hata neno. Juzi ilikataa kusema lolote, ikatema mistari myekundu ya makosa kama mtoto anayetema dawa. Na leo hii, kila mtu mwizi wa kila mtu.

"Imekamata?" aliuliza Habtewold kutoka meza ya nyuma.

"Imewakamata wote."

"Basi ivalishe kofia na buti, hiyo tayari ni askari."

Chuoni walimwita Habtewold Shemasi, kwa sababu kabla ya kuja kusomea kompyuta alikuwa shemasi kweli katika kanisa la kijijini kwao, na bado alijifunga shuka lake jeupe la pamba asubuhi za baridi. Lakini ulimi wake haukuwa wa madhabahuni.

"Wewe Serkalem utalaaniwa na wajukuu wa watu. Binti mpole hivi, kazi yake kutega mitego ya kunasa wenzake!"

"Sikuichagua mimi. Mwalimu Getahun ndiye aliyenipa."

"Hata mnyongaji husema kamba alipewa."

"Shemasi, niache nife na shida zangu."

"Usife bado. Kufa baada ya mitihani, tupate siku ya mapumziko."

Ile ndiyo iliyokuwa kazi yake ya kuhitimu. Kila mwanafunzi wa chuo alijibu mtihani wa uraia kwa kuandika kwenye kompyuta, na Serkalem alitakiwa kutengeneza programu ya kusoma majibu yote na kuwatoa walioigana. Isipofanya kazi, hahitimu. Wenzake walipewa kutengeneza vitu vya maana, mmoja ratiba ya mabasi, mwingine hesabu za duka la dawa. Yeye akapewa upolisi. Lakini ndivyo wakubwa wanavyogawa kazi. Iliyo chafu humpa asiye na mtu wa kumsemea.

Kabla hajaanza kutafuta kosa, umeme ukakatika. Hakuna aliyeshangaa. Nje ukungu ulikuwa umeteremka kutoka mlimani mpaka kwenye vioo vya madirisha, na chumba kikawa cha kijivu. Serkalem akageuza karatasi iliyochapwa mistari ya programu yake, akatoa kalamu, akaanza kuchora upande ule mtupu.

Kuchora hakukuwa kazi wala ndoto. Alichora kama wengine wanavyotafuna kucha. Programu ikimkwamisha, mkono wake ulitafuta karatasi wenyewe, ukamchora Shemasi na shuka lake, mpishi wa bwalo na mwiko wake, mbwa wa getini aliyelala kuliko askari. Akimaliza, moyo ulikuwa umetulia, na aghalabu kosa alilolitafuta asubuhi nzima lilimjia lenyewe.

Tatizo lilikuwa kwamba mchoro mmoja ulitoka nje.

Ulikuwa wa siku ile Mkuu wa chuo alipofungua chumba hicho hicho cha kompyuta. Wageni walijaa, utepe ukakatwa, picha zikapigwa, watu wakala, na kompyuta zikakaa wiki baada ya wiki bila umeme wa kuaminika. Serkalem alimchora Mkuu na tumbo lake akikata utepe kwa mkasi mkubwa, ila utepe wenyewe ulikuwa waya wa umeme, na wageni wote walikuwa wakipiga makofi gizani, meno tu yakionekana. Chini akaandika: *Serikali yawaletea mwanga*. Aliubandika kwenye ubao wa bwalo kwa mzaha, wakati hakuna mtu. Kufika jioni ulikuwa kwenye simu ya kila mwanafunzi, na kesho yake kwenye simu za mjini.

Alimwona Shemasi akiucheka mpaka akashika ukuta. Hakumwambia. Hakumwambia mtu. Lakini kile kicheko kilikuwa kitamu, naye akabandika mwingine, halafu wa tatu, na yote aliiandikia maneno yanayoanza na serikali. *Serikali yawaletea maji*, na mstari wa ndoo kavu unaozunguka mlima. *Serikali yawaletea dawa*. Huo wa tatu hakuuchora kwa kucheka. Mama yake alifia katika hospitali iliyokatiwa utepe mara mbili na wakubwa wawili, kila mmoja akidai ni yake, na siku mama aliposhindwa kupumua hapakuwa na mtungi wa hewa. Mikasi ilikuwepo.

Ndipo Mkuu wa chuo akaacha kucheka na wanaocheka. Askari wakaanza kupekua mabegi getini.

Kosa la programu lilimjia siku hiyo ya ukungu, kalamu ikiwa mkononi. Katika maandishi ya kwao kuna s mbili. Sauti ni ile ile, sikio halizitofautishi, ila jicho linaziona. Moja huitwa s ya moto, nayo inafanana na kibanda chenye bomba la moshi juu. Nyingine huitwa s ya mfalme, nayo ina ncha tatu kama taji. Zamani kila neno lilikuwa na s yake. Siku hizi watu wanaandika yoyote, na vijana karibu wote wanaandika s ya moto, kwa kuwa kwenye simu na kompyuta unaibonyeza mara moja tu, ilhali ile ya mfalme mpaka ubonyeze mara mbili. Kompyuta haina sikio. Iliona kibanda huku na taji kule, ikadhani ni maneno tofauti. Naye katika kuhangaika kuirekebisha alikuwa ameilegeza mpaka ikaona kila kitu ni sawa na kila kitu.

"Zote mbili ni moja," alijisemea. Umeme uliporudi akaandika mstari mmoja wa kuiambia programu kwamba s ni s. Akafanya vivyo hivyo kwa herufi nyingine za namna ile. Akaiendesha.

Ikatoa majina ya wachache. Akayasoma majibu yao. Walikuwa wameigana kweli, mpaka makosa.

"Shemasi! Imekubali!"

"Mimi nimo?"

"Humo."

"Mama yangu na afe, hiyo programu haina akili," Shemasi alisema, na kiapo hicho, ambacho watu wa kule huapa hata juu ya bei ya vitunguu, kikawachekesha wote wawili.

Mwalimu Getahun alimwita siku iliyofuata. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye sauti ya chini, aliyependa kusafisha miwani yake wakati wa kusema jambo asilolipenda. Siku hiyo aliisafisha muda mrefu.

"Kazi yako nimeiona. Nzuri. Umeziunganisha herufi, siyo?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Sasa uzitenganishe."

Serkalem alidhani hakusikia vizuri. "Nizitenganishe? Si ndiyo ilikuwa shida yenyewe?"

"Kwa kutafuta walionakili, ndiyo. Huko juu wanatafuta kitu kingine." Akasukuma karatasi mezani. Zilikuwa nakala za ile michoro mitatu. "Tazama hapa chini. Neno serikali. Unaona nini?"

Serkalem aliona alichokuwa hajakiona siku zote. Mara tatu, kwa mkono wake mwenyewe, taji la ncha tatu.

"Hiyo ndiyo s yake ya asili," Mwalimu alisema. "Kwa lugha yetu serikali na mfalme shina lao moja. Lakini nani anaandika hivyo leo? Magazeti yenyewe yanaandika kwa s ya moto. Mkuu amesema, kama huyu mchoraji ni mwanafunzi, basi aliandika mtihani wa uraia, na kwenye mtihani wa uraia neno serikali halikosekani. Programu yako imtafute mwenye taji."

"Ni Mkuu aliyegundua?"

Mwalimu akavaa miwani. "Mkuu aliuliza kama kuna njia. Mimi nikamwambia iko."

"Na akipatikana?"

"Hilo si letu. Letu ni programu. Serkalem, wewe unataka kuhitimu, na mimi nina watoto. Niletee Jumatatu, tuiendeshe pamoja."

Alitoka pale. Yeye hakuwahi kujifikiria kuwa ana s yoyote. Mama ndiye aliyemfundisha kuandika, akimshika mkono juu ya kibao kabla hajapelekwa shule, na mama alikuwa binti wa mwimbaji wa kanisa, herufi kwake zilikuwa na heshima zake. "Hii ni ya mfalme, usimvalishe mtumwa." Mkono ukazoea. Kwenye kompyuta kidole chake kilibonyeza mara mbili bila yeye kujua, kama mtu anavyofunga kamba za viatu.

Jumamosi chumba cha kompyuta kilikuwa kitupu. Serkalem alikaa kwenye kompyuta ya pembeni, mgongo ukutani ili amwone anayeingia. Kila mlango uliopigwa na upepo ulimshtua. Akafungua majibu ya mtihani, akatafuta yake. Yalikuwepo, na mataji yamesimama ndani yake kama askari kwenye gwaride: serikali hapa, serikali pale, jukumu la serikali, mwananchi na serikali. Alianza kuyafuta. Kila taji akaliondoa, akaweka kibanda. Mara mbili alifuta neno zima kwa haraka. Alipomaliza akayasoma yote tangu juu mpaka chini. Sasa alikuwa kama wengine.

Hapo angeweza kuiendesha programu aone itasema nini. Hakuiendesha. Aliogopa kubaki mle ndani hata dakika moja zaidi, na moyoni alikuwa na hakika, hakika ya mtu mwenye hofu, kwamba mwenye taji chuo kizima alikuwa yeye peke yake. Programu itatafuta, itakosa, Mwalimu atakwenda juu kusema hakuna, na wakubwa watatafuta mtu mwingine wa kumsumbua.

Jumatatu Mwalimu Getahun alisimama nyuma ya kiti chake. Serkalem akabonyeza. Kompyuta ikavuma, ikafikiri, ikaandika namba moja ya mwanafunzi.

Alidhani ni yake, kwamba alisahau taji mahali. Akaisoma namba. Si yake.

"Fungua tuone ni nani," Mwalimu alisema.

Alijua kabla ya kufungua. Ingewezekanaje asimkumbuke! Mtu aliyelelewa kanisani, aliyekariri vitabu vya lugha ya kale tangu ana meno ya utoto, ataandika s gani? Kijana amekaa meza ya nyuma yake mwaka mzima na shuka lake jeupe, na wote wanamwita Shemasi, na bado Serkalem alijiona yuko peke yake duniani.

"Habtewold," Mwalimu alisoma. Akavua miwani tena. "Kijana wa watu."

"Mwalimu, huenda si yeye. Programu hii ina makosa, wewe mwenyewe umeiona, mwezi mzima ilikuwa inasema uongo..."

"Lakini leo imesema mmoja," Mwalimu alisema, naye akaandika namba kwenye kiganja chake kwa kalamu, kama anayeogopa kuiweka kwenye karatasi.

Walimchukua bwaloni, wakati wa chakula. Serkalem alikuwa kwenye foleni na sahani yake. Askari wawili wa chuo na mtu mmoja asiye na sare walikwenda moja kwa moja mpaka meza ya Shemasi, wakamwambia ainuke.

"Nimalize injera yangu," Shemasi alisema. "Mnaogopa itanisaidia kukimbia?"

Wengine wakacheka. Yule asiye na sare akaigeuza sahani chini juu, mchuzi ukatapakaa mezani. Hapo kicheko kikakatika.

"Michoro ni yako?"

"Michoro? Mimi?" Alitazama huku na huku kama anayetafuta aliyemfanyia utani. "Mimi nikichora mbuzi watu wanauliza ni kiti! Mama yangu na afe, si mimi. Waulizeni hawa. Serkalem, waambie! Serkalem amekaa na mimi kila siku, mwulizeni yeye!"

Bwalo zima likamgeukia. Serkalem alifungua kinywa. Yule mtu asiye na sare alimtazama, akangoja kidogo, akaona hapana kitu, akamsukuma Shemasi mlangoni. Shuka lake lilibaki kwenye kiti.

Nyumbani baba yake alikuwa amekwisha sikia. Mji ule habari mbaya hazihitaji umeme. Gashe Mekuria, kama majirani walivyomwita kwa heshima, alikuwa mlinzi wa kiwanda cha mablanketi, mtu aliyeacha shule akiwa mdogo na asiyewapenda wakubwa wa aina yoyote, wa zamani wala wa sasa. Tangu mkewe afe alisema nao kwa matusi tu, tena akiwa ndani ya nyumba na mlango umefungwa.

Siku hiyo hakutukana. Alikuwa amechuchumaa mbele ya jiko la mkaa, lile la kukaangia kahawa, na ndani yake hakukuwa na kahawa. Yalikuwa yanaungua makaratasi. Serkalem akaona uso wa mama yake, aliouchora mwaka juzi, ukijikunja na kuwa mweusi.

"Baba! Huo ulikuwa wa mama!"

"Mama yako hana shida ya picha tena. Mimi ndiye nina shida ya mtoto." Akachokoa moto. "Siku ule mchoro wa utepe ulipofika kiwandani tuliucheka zamu nzima. Mimi nikacheka kuliko wote. Halafu nikautazama tena, nikaona vidole. Wewe huchora vidole vya watu virefu, tangu mdogo. Nikaacha kucheka."

"Ulijua? Na hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Acha? Ungeacha?" Alimtazama kwa mara ya kwanza. Macho yalikuwa mekundu, labda kwa moshi. "Serkiye mwanangu, nisikilize. Kaka yangu mkubwa walimchukua amevaa kandambili. Walisema ni maswali mawili tu. Akaniambia, usile sehemu yangu, narudi sasa hivi. Mama aliiweka ile sehemu mpaka ikaota ukungu, na hatukuthubutu kuitupa. Mpaka leo hakuna mkubwa aliyekuja mlangoni kwetu kutuambia wamemweka wapi. Serikali ile ikaondoka, ikaja nyingine, na yenyewe haijui. Hakuna anayejua. Basi wewe kaa kimya."

"Na Shemasi?"

"Yule hakuchora. Watamtazama, wataona hakuchora, watamwacha."

"Unaamini hivyo?"

Baba aliokota karatasi nyingine, ya mbwa wa getini, akaitia motoni.

Siku zilizofuata Serkalem aliogopa kila kitu. Aliogopa simu ikilia na aliogopa isipolia. Akikuta watu wanaongea wakanyamaza, aligeuza njia. Hakuchora. Mkono ulitafuta karatasi, naye akaukalia. Mama yake Shemasi alikuja kutoka kijijini kwa basi, akakaa chini nje ya geti la chuo, shuka la mwanawe mapajani, akimwuliza kila anayepita kama anamjua Habtewold. Wanafunzi walipita upande wa pili. Serkalem naye alipita upande wa pili. Mama mwenye kuapiwa afe kila siku, huyo hapo, mzima, ameketi kwenye matope.

Ilikuwa baada ya kumpita kwa mara nyingine ndipo alipokwenda kwa Mwalimu Getahun, akasema programu ina makosa na anataka jambo hilo lijulikane juu.

"Mwezi mzima ulilia kwamba haifanyi kazi," Mwalimu alisema. "Leo imefanya, unalia tena?"

"Nipeleke kwa Mkuu."

Mwalimu akacheka kicheko kisicho na furaha. "Una bahati mbaya. Yeye mwenyewe ameniambia nikupeleke. Anataka kukupongeza."

Ofisi ya Mkuu wa chuo ilikuwa na joto. Jengo zima lilitetemeka kwa baridi, lakini mle ndani kulikuwa na hita ya umeme iliyowaka, na umeme wake haukukatika. Mkuu aliinuka, akampa mkono wa kulia huku wa kushoto ameshika kiwiko chake, heshima ambayo wakubwa humpa mdogo wanapotaka kitu. Akaagiza chai. Ikaja kwenye bilauri ndogo, na mdalasini na sukari nyingi.

"Binti yetu! Kunywa, kunywa. Nilimwambia Mwalimu wako, huyu asitupotee. Ukihitimu, kuna ofisi mjini inataka mtu kama wewe. Programu yako haitaishia chuoni. Mji huu una watu wengi wanaoandika ovyo."

"Ahsante, mheshimiwa. Nilikuja kusema kuhusu Habtewold..."

"Yule? Mkaidi! Mpaka leo anakana. Wameniambia wamemwambia achore, anachora vitu vya kitoto makusudi, kujifanya hajui." Alitikisa kichwa kwa masikitiko. "Lakini watamnyoosha. Ataanza kuchora vizuri."

Serkalem akaiweka bilauri chini.

"Sasa nieleweshe mimi mzee," Mkuu alisema, akivuta kiti karibu. "Hii habari ya herufi. Mwalimu amenieleza, nikaitikia tu, lakini kusema kweli kwangu s ni s." Akacheka kwa unyofu wa mtu asiyeogopa kuchekwa. Akamsogezea karatasi nyeupe na kalamu yake mwenyewe, nzito, ya kung'aa. "Niandikie serikali kama unavyoiandika wewe. Halafu pembeni uniandikie kama anavyoiandika yule mhalifu. Niione tofauti kwa macho yangu."

Serkalem akashika kalamu. Mwalimu Getahun alisimama dirishani, ameupa mgongo ukungu.

Ilikuwa rahisi sana. Kibanda huku, taji kule. Mzee angefurahi, naye Serkalem angemaliza chai yake, angerudi nyumbani kwa baba yake na jiko lake la majivu. Kazi mjini. Na Mkuu asingejua kitu, kwa sababu hakujua hata kile alichomfungia mtu. Wangeweza kuchukua herufi yoyote ile na kumvunja mtu nayo.

Serkalem akaandika neno lote, polepole, na kwenye s akasimamisha ncha tatu, moja, na nyingine, na nyingine, kama alivyofundishwa juu ya kibao. Akaweka kalamu chini.

Mkuu akaigeuza karatasi upande wake. "Eeh. Hii ni ipi? Yako au yake?"

Mwalimu Getahun alikuwa amesogea kutoka dirishani, akaona. "Serkalem," alisema kwa sauti ya chini, "binti ana homa, mheshimiwa. Tangu asubuhi. Serkalem, inuka twende."

"Mwache amalize. Na ya pili iko wapi?"

"Hakuna ya pili, mheshimiwa," Serkalem alisema. Alisikia sauti yake ikitoka nyembamba, ya kitoto. "Hivyo ndivyo ninavyoandika mimi. Kwenye mtihani niliifuta. Kwenye michoro sikuifuta. Shemasi hajui kuchora, hadanganyi. Mfungueni."

Mkuu aliendelea kutabasamu kidogo, kwa kuwa maneno yalikuwa bado yanapanda ngazi. Kisha yalifika. Hakupiga kelele. Alinyoosha mkono, na kitu cha kwanza alichofanya ni kuiondoa bilauri ya chai mbele ya Serkalem, akaiweka upande wake.

"Basi yule kijana atolewe," Mwalimu alisema haraka. "Mheshimiwa, mama yake yuko getini. Naweza kupiga simu kituoni mimi mwenyewe..."

"Atatolewa. Piga. Halafu urudi uketi, Getahun, nina neno na wewe."

Mwalimu akatoka na simu sikioni, mlango akauacha wazi. Mkuu akabonyeza kengele iliyokuwa chini ya meza. Serkalem akauliza kama anaweza kumpigia baba yake.

"Atasikia tu," Mkuu alisema, akiikunja ile karatasi mara mbili na kuitia mfukoni.

Ukumbini viatu vizito vikaanza kuja. Serkalem alidhani kwamba akishasema hofu ingemtoka. Haikumtoka. Ilikuwa pale pale, nzito kama mwanzo, naye akakaa nayo akisikiliza viatu, akijaribu kukumbuka asubuhi alimwambia nini baba alipokuwa anatoka, kama alisema anarudi saa ngapi.